Meza ya Kubeba: Tuchague Mbao Gani kwa Maonyesho ya Shule?



Tangu muhula uliopita watu wanatuuliza: ile meza ya maonyesho iko wapi? Jibu ni fupi: imekufa. Haikumaliza hata mwaka mmoja. Sisi wa kundi la kazi ya mikono tulidhani tumefanya kitu cha nguvu, kumbe tulichagua vibaya tangu mwanzo. Tumeona heri tuandike hapa kosa letu na yale tuliyojifunza, ili kundi litakalokuja lisipite njia ile ile.

Kwanza mujue kazi ya hiyo meza. Inabeba vitabu vya maktaba, Biblia za kuuzwa, ramani, vitunga, nguo zilizoshonwa na madaftari ya wanafunzi. Siku ya ibada kubwa au siku ya soko tunaipeleka kwa watu, maana wazazi wengi hawafiki shuleni. Wengine wako mbali, wengine wako shambani, na wengine wanaogopa kuulizwa juu ya deni la minervali. Lakini mama akipita sokoni na kuona daftari ya binti yake imewekwa mbele ya watu wote, anasimama. Tulimwona mmoja aliyesimama hivyo. Hakujua kusoma, akaomba tumwonyeshe kwa kidole mahali jina la mtoto wake limeandikwa. Basi meza hii si pambo. Isipofika, kazi yetu haionekani.

TULIVYOKOSA

Tulikata mti wa kalipitusi, tukaupasua, na juma lile lile tukapigilia mbao misumari. Safari ya kwanza vijana wanne waliibeba wakipokezana wawili wawili, wakafika ibada imekwisha kuanza. Baada ya miezi miwili mbao zilijikunja kama jani la ndizi juu ya moto. Misumari ikatoka. Siku ya mvua mguu mmoja ukaachia, na Biblia zikamwagika katika matope mbele ya wazee wa kanisa. Haya ilitushika sana.

Papa fundi mmoja alishika ile mbao, akacheka kidogo, akasema: "Watoto wangu, hii ilikuwa ingali inakunywa maji, na ninyi mukaifunga misumari!"

Maana yake ni hii. Mti unapokatwa umejaa maji, mara nyingi yanapita nusu ya uzito wa mti wenyewe ukikauka. Yakitoka, mbao inapungua. Lakini haipungui sawasawa: kwa urefu karibu hakuna kitu, kwa upana inapungua sana. Ndiyo maana inapinda na kupasuka. Dawa ni kuzipanga mbao kivulini, juu ya mawe, na vijiti katikati ili upepo upite. Miisho inapakwa rangi au nta, kwa sababu maji yanatoka mbio zaidi pale, na mipasuko inaanzia pale. Mafundi wana kanuni ya kale: mbao ya unene wa sentimeta 2,5 ingoje karibu mwaka mmoja. Sisi tulingoja siku tano tu.

Baada ya aibu hiyo tulijipa maulizo matatu. Tangu leo hatukati mti wala hatununui mbao bila kuyajibu.

1. NANI ATABEBA?

Hapa kwetu mzigo unakwenda kwa kichwa, kwa bega, au kwa moto (pikipiki) kama iko na feza yapatikana. Basi tupime uzito kabla ya kushika msumeno. Tuchukue ubao wa urefu wa meta 2, upana sentimeta 20, unene sentimeta 2,5. Fanyeni hesabu: 2 × 0,20 × 0,025 ni meta kyubu 0,01. Kalipitusi kavu iko karibu kilo 750 kwa meta kyubu moja, kwa hiyo ubao huo una kilo 7 na nusu. Ukiwa mbichi unaweza kupita kilo 10. Grevilea kavu ni karibu kilo 6. Sipre kavu ni karibu kilo 5. Mbao nne za kalipitusi ni kilo 30 kabla ya miguu, na mbao nne za sipre ni kilo 20 tu.

Lakini kuna jambo linalopita aina ya mti, nalo ni umbo. Tukiacha ubao mpana na kuchukua fito za upana wa sentimeta 4, kila ufito wa grevilea wa meta 2 una kilo 1 na kidogo. Fito sita ni kilo 7. Katikati tunaweka mkeka au kitambaa kilichokazwa. Vitabu havihitaji ubao mzima chini yao. Vinahitaji mahali pa kuegemea.

Hii si akili mpya. Someni Kutoka, sura ya 25 mpaka 27. Hema ya kukutania ilikuwa nyumba ya kubebwa, na vyombo vyake vilikuwa vya kubebwa. Sanduku na meza vilikuwa na pete, na miti ya kuchukulia ilipita katika pete hizo. Mazabahu, urefu mikono mitano na upana mikono mitano, ilifanywa kwa mbao lakini ndani ilikuwa tupu. Ingalikuwa imejaa mbao, nani angaliibeba jangwani? Na katika Hesabu sura ya 7 wana wa Merari, waliochukua mbao na nguzo, walipewa magari manne na ng'ombe wanane. Wana wa Kohati hawakupewa gari, kwa maana vyombo vyao vilibebwa mabegani. Uzito ulikuwa umefikiriwa.

Tusidharau kalipitusi hata hivyo. Mafundi wa chukudu wa Goma na Rutshuru wanaitumia, na chukudu nzuri inashuka kilima na kilo mamia ya makala au viazi. Kwa kazi ile nguvu ndiyo inatafutwa. Hata kwa miguu ya dawati linalokaa kalasini ni nzuri, ikikauka. Ilikosa kwetu kwa sababu tuliichagua kwa kazi isiyo yake, tena ikiwa mbichi.

2. NANI ATATENGENEZA?

Kila kitu kinachosafiri kitavunjika siku moja. Ulizo ni: kikivunjika, nani hapa anaweza kukirudisha?

Wako wenzetu waliotaka tulete kutoka mjini zile mbao za kiwandani, zinazofanywa kwa vumbi la mbao na kole. Machoni ni nzuri, laini kama karatasi. Lakini zile za kawaida zikinywa maji zinavimba, na zikivimba hazirudi. Visi ikitoka mara moja, shimo haliishiki tena. Kwa nchi ya mvua kama yetu ni feza ya kutupa. Tripleksi ni afazali, kwa sababu karatasi zake za mbao zinapishana, moja kwa urefu na nyingine kwa upana, kwa hiyo haijikunji upesi. Lakini tripleksi ya kawaida nayo inaachana ikilala inje.

Chuma kinadumu, lakini kinaomba mashine ya kuchomea na umeme. Plastiki inapasuka kwa jua. Mifuko ya mchele iliyofumwa ni mizuri kwa kushona mifuko ya kuwekea vitabu, lakini tusiisahau juani: baada ya miezi inakuwa unga mikononi.

Mbao ya kawaida na kamba vina neema hii: kijana wa kalasi ya pili aliye na kisu anaweza kuvitengeneza. Ndiyo maana tumeacha misumari katika viungo. Msumari ukiishatoka mara tatu, mbao imeharibika. Tunachonga ulimi mwisho wa ufito mmoja na tundu katika mwingine, kisha tunapitisha kijiti. Ukitaka kuifungua, unasukuma kijiti, fito zinalala pamoja, unazifunga kama kuni. Hata mbao za ile hema zilikuwa na ndimi mbili kila moja. Soma Kutoka 26, mstari wa 17.

3. NANI ATAPANDA?

Hapa tulibishana sana. Wako waliosema: kwa nini tusitafute muvula, mti usioogopa mchwa? Au akaju ya msitu? Ni kweli, hizo ni mbao za heshima. Lakini muvula unaomba miaka makumi na makumi kabla ya kuwa mti wa kupasua. Aliyeukata leo hatauona mwingine mahali pale. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, mataifa yaliweka akaju zote za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya inchi hata inchi inaomba ruhusa maalum. Afromosia ya Kongo iko katika orodha hiyo tangu mwaka 1992. Meza yetu moja haimalizi msitu, ni kweli. Lakini dunia nzima inapoanza kuhesabu mti, si vizuri shule iufanye rafu ya daftari.

Tena tusifikiri msitu hauna mwenyewe. Sehemu ya Walikale iko ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega, iliyofanywa parke mwaka 1970, na mule hakukatwi mti. Hata mianzi ya milimani ndani ya parke haikatwi.

Basi tunabaki na ile inayopandwa na watu. Grevilea ilitoka Australia, ikaletwa Afrika kuwa kivuli cha chai na kahawa. Inakua upesi, inasimama ukingoni mwa shamba, na mkulima anaweza kupunguza matawi yake kwa kuni huku shina likiendelea kunenepa. Sipre nayo inapandwa kama lupango. Mianzi ya kupandwa ni rafiki kuliko yote, kwa kuwa si mti. Ni ndugu ya majani na ya muhindi. Fimbo yake inafikia urefu wake wote katika miezi michache, na ukiikata, shina la chini linatoa nyingine. Lakini iko na masharti:

a) Ikatwe ikiwa na miaka mitatu au zaidi. Changa inasinyaa na kupasuka.
b) Ilazwe majuma machache katika maji yanayotembea, ili wanga wake upungue. Wanga huo ndio chakula cha wadudu wanaoitoboa na kumwaga unga.
c) Ikaushwe kivulini, wala isipigiliwe msumari. Toboa tundu kwanza, kisha ufunge kwa kamba.

TULIVYOAMUA

Meza mpya ina fremu mbili za grevilea zilizokauka, zinazounganishwa juu kwa sharniere (bawaba), mfano wa ngazi ya kupakia rangi. Chini kuna kamba inayozuia miguu isiachane. Kila fremu ina ufito mmoja wa kukata kona kwa kona, kwa sababu mraba unayumba lakini pembe tatu haiyumbi. Mianzi minne inapita upande kwa upande, vitabu vinaegemea hapo. Yote pamoja inabebwa na mtu mmoja.

Neno juu ya mafuta. Wengine walitaka kuipaka mawese. Hapana. Mawese hayakauki, yatanata na kuita mende na vumbi. Mafuta ya injini yaliyotumika yanachafua vitabu na ni sumu mikononi. Mafuta ya lini yanakauka kwa kushika oksijeni ya hewa, na yanaacha ngozi ngumu juu ya mbao. Lakini muangalie: kitambaa kilichotumika kuyapaka kikikunjwa na kuachwa kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandazwe inje mpaka kikauke.

NENO LA MWISHO

Wandugu, wote tunajua historia yetu. Katika miaka ya vita shule nyingi za Walikale na Masisi ziligeuka malalo ya watu waliokimbia au kambi ya wenye silaha, na madawati yakawa kuni. Hatumhukumu mama aliyepikia watoto wake kwa ubao wa dawati. Lakini mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha kwamba waliokimbia walibeba kile kilichobebeka. Daftari ya hesabu ya kanisa na Biblia vilirudi. Meza kubwa hazikurudi.

Tulifikiri pia jambo hili: Suleimani alipojenga nyumba isiyohama aliagiza mierezi ya Lebanoni kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Lakini Mose, aliyekuwa safarini na watu wake, alijenga kwa mshita, mti wa jangwa lile lile walilolikanyaga. Siku ya kuvunjika waliweza kupata mwingine.

Kwa hiyo tumepanda miche ya grevilea ishirini nyuma ya kalasi za chini. Kila mmoja una kijana wa kuulinda na mbuzi, na majina yamebandikwa mlangoni. Hatutazipasua sisi, tutakuwa tumekwisha pata diploma. Mbuzi wamekwisha kula mbili. Wenye mbuzi, tafazali, muzifunge.