Kitambaa cha fundi na uhai wa abiria: Jinsi kebo za usukani wa ndege zinavyokaguliwa

NAHODHA wa jahazi pwani ya Malindi hahitaji kufundishwa kwamba henza ndiyo uhai wa tanga. Kabla ya kung’oa nanga huipitia kwa macho na kwa mkono, hasa pale inaposuguana na gofia, kwani ajua fika kuwa kamba hukatikia pembamba.

Si mbali na bandari hiyo, katika uwanja wa ndege wa Malindi, busara hiyo hiyo hutawala kazi ya fundi wa ndege. Tofauti ni kwamba kamba zake ni za chuma, zimefichwa chini ya sakafu na ndani ya mabawa, na abiria hazioni kamwe.

Wengi hudhani kuwa kila ndege siku hizi huongozwa na kompyuta. Hilo ni kweli kwa baadhi ya ndege kubwa. Lakini ndege ndogo kama Cessna 172, inayotumiwa sana kufunzia marubani, na Cessna Caravan, inayobeba abiria hadi viwanja vidogo, bado huongozwa kwa kebo za chuma. Rubani anapovuta usukani, kebo hupita juu ya makapi hadi mkiani, ikainua bamba linalopandisha pua ya ndege. Kebo nyingine huyavuta mabamba ya mabawa yanayoilaza ndege upande, na nyingine bamba la wima la mkia.

Kebo yenyewe si nene. Nyingi zina unene wa milimita 3 hivi. Aina itumiwayo sana husokotwa kwa mafungu 7, kila fungu likiwa na nyuzi 19 za chuma, yaani nyuzi 133 kwa jumla. Wingi huo huiwezesha kujipinda juu ya kapi mara nyingi bila kukatika. Lakini ndio pia unaoficha hatari, kwa sababu uzi mmoja ukikatika ndege huendelea kuruka kama kawaida, wala rubani hahisi lolote.

Uchakavu huanzia wapi?

Maadui wa kebo ni watatu. Wa kwanza ni msuguano. Kila inapopita juu ya kapi au ndani ya tundu la kuiongoza, nyuzi za nje hulika kidogo kidogo hadi zikawa bapa. Vumbi na mchanga vikichanganyika na grisi, huwa kama msasa.

Wa pili ni uchovu wa chuma. Uzi unaopindwa na kunyooshwa mara maelfu hatimaye hukatika, hata kama haujalika.

Wa tatu ni kutu, na huyu ndiye mwenyeji wa Pwani. Kuanzia Kilifi hadi Malindi, upepo wa kusi na wa kaskazi huleta hewa ya chumvi. Chumvi hiyo ikiingia kati ya mafungu, kutu yaweza kuanzia ndani huku nje kebo iking’aa. Kuna kebo za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, lakini nazo zina kasoro yake: huelekea kulika upesi zaidi zinaposuguana na makapi. Basi mwenye ndege hawezi kubadilisha kebo akalala usingizi.

Ukaguzi wenyewe

Fundi hufungua vifuniko, akatoa viti na mazulia, akamulika kwa tochi. Kisha huchukua kitambaa na kukipitisha kwenye kebo yote. Penye uzi uliokatika, ncha yake hunasa kitambaa. Hatumii mkono mtupu, kwa kuwa ncha hizo huchoma kama sindano.

Usukani sharti usogezwe hadi mwisho wake, mbele na nyuma, kulia na kushoto, ili sehemu zinazojificha ndani ya makapi zijitokeze. Mahali pa kutiliwa shaka, kebo hulegezwa na kupindwa taratibu, kwani uzi uliokatika waweza kulala kimya wakati kebo imekazwa.

Kanuni za kiufundi za Marekani, ambazo mafundi wengi duniani huzirejelea, ziko wazi. Uzi ukikatika pale kebo inapopita kwenye kapi, au karibu na kiungo cha mwisho wake, kebo hubadilishwa. Vivyo hivyo nyuzi za nje zikilika kiasi cha asilimia 40 hadi 50, au kutu ikionekana ndani.

Kapi nalo hutoa ushahidi. Likikataa kuzunguka, kebo huburutwa juu yake na kulika. Alama za kebo zikichorwa ndani ya mfereji wake, huenda kebo ilikazwa kupita kiasi. Ndiyo maana mkazo hupimwa kwa kifaa maalumu, tena kwa kuzingatia joto. Bodi ya alumini hutanuka kuliko chuma cha kebo, hivyo mkazo huongezeka kunapokuwa na joto.

Kebo mpya si mwisho wa hatari

Januari 8, 2003, ndege aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mjini Charlotte, Marekani, ikaua wote 21 waliokuwemo. Kebo haikukatika. Wachunguzi walibaini kuwa siku mbili kabla, katika matengenezo ya usiku, kebo za bamba la mkia zilirekebishwa vibaya na hatua kadhaa za kazi zikarukwa. Rubani hakuweza kuishusha pua ya kutosha, na mzigo uliolemea nyuma ukamaliza kazi.

Kwa hivyo baada ya kebo kuguswa, mtu wa pili asiyeifanya kazi hiyo hupaswa kuikagua upya. Naye rubani, kabla ya kuruka, huzungusha usukani kushoto na kutazama: bamba la bawa la kushoto liinuke, la kulia lishuke. Likienda kinyume, safari imekwisha hapo hapo.

Wakazi wa Malindi wanajua kuwa usalama wa ndege si suala la abiria pekee. Januari 10, 2025, ndege ndogo ilianguka eneo la Kwachocha, kando ya barabara kuu ya kwenda Mombasa, ikaua watu watatu waliokuwa chini. Hatuitaji ajali hiyo kwa kudai kuwa kebo ndizo zilizosababisha. Twaitaja kwa kuwa wale watatu hawakukata tiketi.

Ukaguzi hugharimu saa nyingi za ndege kukaa chini bila kuingiza hata shilingi, na vishawishi vya kuharakisha havikosekani msimu wa watalii unapopamba moto. Abiria anayeambiwa kuwa safari imecheleweshwa kwa sababu fundi hajaridhika ana haki ya kununa kidogo. Lakini akumbuke kuwa huenda kitambaa kimenasa mahali.