Mfupa wa Nyonga Ukivunjika

Mgema aangukaye kutoka juu ya mnazi, fundi aangukaye kutoka juu ya paa, na abiria wa pikipiki agongwaye na gari, wote waweza kupatwa na jambo moja, yaani kuvunjika mifupa ya nyonga. Mara nyingi ngozi haina jeraha wala damu haionekani. Kwa hiyo watu humwinua majeruhi, humsimamisha, na kumwambia ajikaze. Kufanya hivyo ni hatari kubwa, na yafaa kila mtu ajue sababu yake.

Mifupa ya nyonga imeungana mfano wa pete. Kwa nyuma imeshikana na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na kwa mbele imekutana karibu na kinena. Ndani ya pete hiyo mna kibofu cha mkojo, matumbo, na mishipa mingi ya damu. Pete ikivunjika na kuachana, mishipa hukatika. Mtu mzima ana damu yapata lita 5, na lita 2 au zaidi zaweza kumwagika ndani ya nyonga pasipo tone moja kuonekana nje. Ndiyo sababu majeruhi aweza kuzungumza na watu vizuri, na baada ya muda mfupi akawa mahututi.

Saa za Kwanza

Basi yafanywe nini? Kwanza, majeruhi asisimamishwe, asiketishwe, wala asichuliwe. Nyonga isibonyezwe ili kujaribu kama imevunjika, kwa maana kuibonyeza huzidisha kutoka damu. Pili, alazwe chali, na magoti na miguu ifungwe pamoja. Kisha shuka iliyokunjwa izungushwe nyonga na kukazwa. Wengi hukosea wakaifunga kiunoni; mahali pake ni chini zaidi, penye ile mifupa miwili itokezayo ubavuni, juu ya mapaja. Tatu, achukuliwe kwa machela au ubao, wala si kwa pikipiki, apelekwe hospitali upesi. Akitokwa na damu penye njia ya mkojo, au akishindwa kukojoa, daktari aambiwe mara moja.

Hospitalini huongezwa damu, hupewa dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka, na hupigwa picha ya eksirei. Mivunjiko yote si sawa. Mzee aliyeanguka nyumbani, ambaye pete yake imepasuka lakini haikusogea, kwa kawaida hahitaji kupasuliwa. Hupewa dawa ya maumivu na kuanza kutembea kidogo kidogo kwa msaada. Lakini pete iliyoachana hukazwa kwa vyuma vya nje, au kwa vibamba na skrubu ndani.

Kikombe cha Nyonga

Kila upande wa nyonga una kikombe, na ndani yake huzunguka kichwa cha fupa la paja. Kikombe hicho kikivunjika, haitoshi vipande viunge tu; yapasa virudi sawasawa mahali pake. Vikiachana hata kwa milimita chache, kiungo chaweza kusagika na kuuma maisha yote. Tena, kichwa cha paja kikichomoka, yafaa daktari akirudishe kabla ya saa 6 kupita, kwa maana kikikosa damu mfupa wake waweza kufa.

Zamani wagonjwa wengi walilazwa tu, mguu ukivutwa kwa uzito majuma mengi. Njia hiyo ingali yatumika pasipowezekana upasuaji. Mwaka 1964 madaktari wa Ufaransa Robert Judet, Jean Judet na Émile Letournel walichapisha maelezo ya jinsi kikombe kivunjikavyo na njia za kukipasua, na kazi ya leo imejengwa juu ya msingi huo. Upasuaji hufaa zaidi ndani ya majuma 2. Majuma 3 yakipita, mfupa huwa umeanza kuunga vibaya, na kazi huwa ngumu. Kwa hiyo mgonjwa afichwaye nyumbani mwezi mzima akikandwa hupoteza nafasi isiyorudi.

Kupona

Mguu ulioumia kwa kawaida haubebi uzito kamili kwa majuma 6 hadi 12, hata kama maumivu yamepungua. Mgonjwa hutumia magongo, naye huongeza uzito kwa amri ya daktari tu. Akiwa kitandani, achezeshe vifundo vya miguu kila saa na kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa. Mguu ukivimba au pumzi ikikatika ghafula, daktari aitwe bila kukawia, kwani huenda bonge la damu limekwenda mapafuni. Mwenye kuvuta sigara aache, maana moshi huchelewesha mfupa kuunga. Ikiwa mshipa wa fahamu umeumia, unyayo huenda ukalegea, na kupona kwake huchukua miezi mingi.

Kazi nzito hungoja miezi kadhaa. Huo ni wakati mgumu kwa mwenye kulisha watoto. Hapana budi ndugu washike jembe lake, wasimharakishe kurudi kazini. Mfupa haujui haraka, lakini ukitunzwa vema tangu saa ya kwanza, wengi huweza kutembea tena kwa miguu yao wenyewe.