Maji Yasiyopotea: Safari Fupi Katika Kisiwa cha Sri Lanka

Kisiwa cha Sri Lanka, ambacho mpaka mwaka 1972 kiliitwa Ceylon, kimo katika Bahari ya Hindi, karibu na ncha ya kusini ya India. Ukubwa wake ni maili za mraba 25,000 hivi. Hata sehemu moja kwa nane ya nchi ya Kenya haufiki, walakini watu wake wapata milioni 22. Wengi wetu twakijua kwa sababu ya majani yake ya chai tu. Nilipokipitia kwa siku chache, nikitoka mji wa Colombo kwenda kaskazini kwa gari moshi, na kurudi kwa njia ya milimani, niliona jambo jingine linalowapasa kulijua watu wa nchi yetu, ambayo sehemu yake kubwa ni kavu. Jambo hilo ni jinsi wakulima wa kule wanavyoyaweka na kuyagawana maji ya mvua.

Upande wa Colombo, mtu wa Lamu au Kilifi angedhani hajaondoka kwao. Minazi imesimama hata ufukoni, mifenesi na migomba imezizunguka nyumba, na hewa ina joto la unyevu. Hata pepo ni zile zile tuzijuazo, yaani kaskazi na kusi. Kusi hutoka baharini ikiwa imejaa mvuke, ikaipiga milima iliyo katikati ya kisiwa, ikamwaga mvua yake yote upande wa kusini na magharibi. Ikiisha kuivuka milima huwa kavu. Kwa hiyo nchi za kaskazini na mashariki hutegemea hasa mvua za baina ya Oktoba na Januari, na baada ya hapo hukaa miezi mingi katika jua kali.

Gari moshi lilipokaribia mji wa kale wa Anuradhapura, miti ilikuwa mifupi, na udongo mwekundu ulikuwa umepasuka. Lakini kila mara, katikati ya ukavu ule, yalitokea maji mapana yenye kung'aa, na yangeyange weupe wakitembea ukingoni, na chini yake mashamba ya mpunga. Mgeni hudhani kuwa hayo ni maziwa ya asili. Sivyo. Ni mabwawa, nayo yalichimbwa na watu.

Kazi hiyo ilianza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika karne ya 5, mfalme Dhatusena alijenga bwawa la Kala Wewa, na mfereji wa kuyapeleka maji yake mpaka Anuradhapura. Mfereji huo una urefu wa maili 54 hivi, na katika maili 17 za kwanza hushuka kama inchi 6 tu kwa kila maili moja. Fundi wa leo mwenye vyombo vyake vya kupimia atajua ugumu wa kazi hiyo. Hali kadhalika huko Polonnaruwa, mfalme Parakramabahu wa Kwanza, aliyetawala tangu mwaka 1153 hata 1186, aliyaunganisha mabwawa ya zamani na kuyapanua, hata likapatikana bwawa moja lenye tuta la urefu wa maili 8 na zaidi. Yasimuliwa kwamba mfalme huyo hakutaka tone la mvua lifike baharini kabla halijamfaa mwanadamu.

Watu wale walijua pia kwamba maji mengi yakitolewa kwa tundu moja huubomoa ukuta. Kwa hiyo ndani ya tuta walijenga kisima cha mraba cha mawe. Maji huingia kisimani kwanza, nguvu zake zikapungua, ndipo yakatoka kwa upole kwenda mashambani.

Walakini mabwawa makubwa ya wafalme si yote. Kila kijiji kina bwawa lake dogo, na mabwawa hayo hufuatana bondeni kama shanga katika uzi. Maji yaliyokwisha kunywesha mashamba ya kijiji cha juu huteremka yakaingia katika bwawa la kijiji cha chini, na hivyo hutumika mara nyingi. Juu ya bwawa huachwa miti ili izuie mchanga usilijaze. Na chini ya tuta huachwa kichaka, ambacho huzuia chumvi isiingie katika mpunga. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutia mpango huo katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Sasa nieleze jambo lililonishangaza kuliko mawe na matuta. Bwawa lisipojaa, itakuwaje? Kabla ya msimu kuanza, wakulima wote hukutana, wakayatazama maji na kukadiria yatatosha mashamba kiasi gani. Yakiwa yatosha nusu tu, basi hulimwa ile nusu iliyo karibu na tuta, na ardhi hiyo hugawanywa kwa msimu ule kwa wenye mashamba wote, hata wale ambao mashamba yao yako mbali. Msimu ukiisha, kila mtu hurudi katika shamba lake. Desturi hii huitwa bethma. Faida yake ni mbili: maji hayapotei njiani kwa kusafirishwa mbali, na hakuna nyumba inayokosa mpunga ilhali jirani anavuna gunia kwa gunia.

Mambo hayo hayakudumu bila kuharibika. Baada ya karne ya 13 vita na maradhi viliwaondoa watu, na mabwawa mengi yakabomoka, msitu ukayafunika. Kala Wewa lilitengenezwa tena katika miaka ya 1880. Nilipokuwa nikirudi kwa njia ya Kandy niliuona mto Mahaweli, ulio mrefu kuliko yote kisiwani. Tangu mwaka 1976 kizuio cha Polgolla hugeuza sehemu ya maji yake kuelekea kaskazini, nayo huyafikia hata mabwawa ya kale.

Tena msomaji asidhani kuwa kisiwa kile ni pepo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwatesa watu wake tangu mwaka 1983 hata 2009. Na mwaka 2021 serikali ilikataza mbolea za viwandani kwa ghafula, wakulima wasipate nafasi ya kujiandaa. Mavuno ya mpunga yakapungua sana. Maji peke yake hayatoshi, ikiwa mkulima hakushauriwa juu ya shamba lake mwenyewe.

Hata hivyo, ya kujifunza yapo, wala si mageni kabisa kwetu. Wamarakwet wa bonde la Kerio wamekuwa na mifereji yao tangu zamani, wakiyateremsha maji kutoka kwenye magenge, na wazee wao huamua nani atapata maji, na kwa zamu gani. Kinachohitajiwa mahali pengi ni kuanza: bwawa moja la kijiji, miti juu yake, na mkutano wa wenye mashamba kabla ya msimu. Tuta laweza kujengwa kwa majembe katika miezi michache. Kukubaliana namna ya kugawana maji katika mwaka wa njaa ni kazi ngumu zaidi, na yafaa ifanywe mapema, bwawa lingali limejaa.