Fahamu: Wazo la kisiasa humpataje ambaye hajaamua?

Juni 2017, mwanamuziki Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alishinda ubunge wa Kyadondo Mashariki, pembezoni mwa Kampala, Uganda, akiwa mgombea binafsi. Aliwezaje?

Alijulikana kabla ya siasa. Nyimbo zake kuhusu maisha ya mitaa kama Kamwokya alikokulia zilikuwa zimeshazoeleka.

Watu walishawishiana. Anayesitasita humsikiliza zaidi anayemwamini: jirani, mteja wake, mwenzake wa kituo cha bodaboda. Hotuba humfikia, lakini mara nyingi mazungumzo ndiyo humgeuza.

Baadaye, alama ilionekana. Bereti nyekundu ya harakati zake ilimwambia mfuasi kwamba hayuko peke yake. Septemba 2019 serikali iliiorodhesha kuwa vazi la jeshi, raia wakakatazwa kuivaa.

Lakini ushawishi huo una mipaka. Uchaguzi wa Januari 14, 2021 ulifanyika intaneti ikiwa imezimwa. Chama chake, NUP, kilizoa viti vingi vya Kampala na Buganda. Kitaifa, Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Museveni mshindi kwa takriban asilimia 58, Bobi Wine akipata 35.

Wewe ambaye hujaamua, usichukuliwe na wimbo wala vazi. Muulize anayetaka kura yako: utafanya nini, na kwa fedha zipi?