Mzee wa Londiani na Lango la Ngomeni

Mwezi uliopita nilikuwa Londiani, nimekwenda kumjulia hali mtoto wa dada yangu aliyeolewa huko, na ambaye Mungu kamjaalia mtoto wa kwanza. Msomaji asiyeijua Londiani na aitazame ramani baina ya Nakuru na Kisumu. Ni mji mdogo ulio juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wenye misitu ya misonobari, chuo cha misitu, na baridi ambayo sisi tuliolelewa na upepo wa bahari hatukuumbiwa. Kutawadha alfajiri huko kwataka moyo. Watu hudhani kuwa ukishatia mguu Kericho utazungukwa na majani ya chai tu. Chai iko mbele, ukiteremka kuelekea Kericho mjini. Londiani ni viazi, mahindi, ng'ombe na mbao.

Mume wa mwanangu huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya nne tangu nifike alinijia na karatasi mkononi.

"Mjomba," akasema, "wewe ndiwe mwenyeji. Tunataka kuwapeleka watoto arubaini Mombasa waione Ngome ya Yesu. Hebu tazama mpango wetu kama umekaa sawa."

Niliipokea ile karatasi kwa furaha na kwa haya kidogo. Furaha, kwa kuwa ni nani asiyependa kusikia kwao kwatajwa mbali? Na haya, kwa sababu sisi watu wa Mombasa ile ngome hatuitembelei, twaipita. Twaipita tukienda sokoni, twaipita tukienda kuzika. Mimi mwenyewe nimeandika mashairi yasiyo na idadi juu ya mji wetu, na tangu nipeleke mgeni wa mwisho ndani ya kuta zile yapata miaka kumi.

Mpango ulikuwa mzuri, kazi ya mwalimu. Basi hadi Nairobi. Kutoka Nairobi treni ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, hadi Miritini. Kutoka Miritini basi tena hadi kisiwani. Safari nzima ni karibu kilomita 700. Walikuwa wamechagua Desemba. Nikawaambia la, nendeni Agosti. Desemba kaskazi imekwisha kuingia na jua ni kali. Mtoto wa Londiani atayeyuka kama samli. Agosti kusi ingali yavuma na mji una ubaridi wake. Nikawaambia tena, msiende Ijumaa adhuhuri, vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa watu waendao msikitini. Ingieni ngomeni asubuhi mapema, kabla mawe hayajashika moto. Na mkipata mashua, wazungusheni watoto upande wa bahari, waone jinsi ukuta ulivyosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiwa nchi kavu hulioni hilo sawasawa.

Jioni hiyo tukakaa jikoni penye moto, nami nikamsomea mwalimu yale ya kuwaambia watoto. Kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, na kwamba ukiitazama kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali. Kwamba mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimchukua mdogo wakamlea Goa, wakambatiza na kumwita Jerónimo, aliwageukia, akamuua kapiteni wao na kuitwaa ngome. Kwamba Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi thelathini na tatu, watu wakafa humo kwa maradhi na njaa kuliko waliokufa kwa risasi.

Hapo mwalimu alinikatiza kwa swali zuri. Akauliza, watu wa pwani walikuwa upande gani? Nikamwambia, usiwafundishe watoto kwamba palikuwa na pande mbili tu. Katika mwaka 1697, Wareno walipokwisha kufa takriban wote, aliyeishika ngome ile hadi msaada ulipofika alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, na watu wake. Hayo ni yetu pia, tupende tusipende. Baadaye ndipo wakaja Mazrui, nao wakaitawala Mombasa takriban karne nzima, na ni katika zama zao Muyaka bin Haji alitunga yale mashairi ya vita na mapenzi ambayo hata leo wazee wetu huyatoa vifuani bila ya kitabu. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja akawaondoa.

Tulifika hapo mlango ukabishwa, akaingia mzee mmoja jirani. Ni Mkipsigis, umri wake wakaribia miaka tisini, mrefu, kavaa koti la kijeshi na kofia ya sufi. Nikamwamkia "Chamge" kwa matamshi yangu ya Kibandarini. Akacheka, akanijibu, akakaa. Aliletewa kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yaliyotiwa masizi, nami nikaletewa changu. Wallahi nilikinywa chote.

Kumbe mzee alikwisha kusikia habari za safari. Alitaka kwenda. Nauli anayo, alikuwa tayari kuuza mtamba. Alimwomba mwalimu amsomee karatasi, naye akasomewa: mizinga ya Wareno, nyumba ya Waomani, michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na mabaharia, vyombo vilivyopatikana katika merikebu ya Kireno Santo Antonio de Tanna iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Kisha chakula cha mchana, kisha pwani watoto wakaoge.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na jela? Mbona jela haimo?"

Mwalimu akageuza karatasi. Ilikuwamo, mstari mmoja mwishoni: kwamba Waingereza waliitumia ngome kama gereza.

"Baba yangu alikaa katika huo mstari miaka minne," mzee akasema.

Akatueleza. Kabla ya vita vya pili, baba yake alihukumiwa kwa kesi ya ng'ombe. Wazungu waliosema ni mwizi, akasema mzee, ndio hao waliokwisha kuyachukua malisho. Walimtia pingu, wakampandisha treni pale pale stesheni ya Londiani. Reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na Londiani ilikuwa mahali penye shughuli kubwa, kwani hadi reli ilipofika Eldoret mwaka 1924 mizigo yote ya Uasin Gishu ilishushwa hapo na kukokotwa kwa magari ya maksai. Mtu wa milimani ambaye hakupata kuona maji yaliyopita mto, akashushwa penye bahari. Aliporudi alisema mambo matatu tu. Kwamba kuna maji mengi yasiyonyweka. Kwamba usiku hakuna baridi, na kwa hiyo hakuna usingizi. Na kwamba juu ya jela ya Mwingereza palikuwa na bendera nyekundu ambayo si ya Mwingereza.

Msomaji, nilishtuka kwa hilo la bendera. Sisi wa mwambao twalijua: ilikuwa ni bendera ya Sultani wa Unguja, ikipepea juu ya ngome hadi uhuru ulipokuja Desemba 1963, kuonyesha ya kwamba ukanda wa maili kumi ni wake, na Mwingereza ni mpangaji tu. Ni mara ngapi tumejadiliana juu ya bendera hiyo barazani, haki ya nani na ilishushwa vipi! Sikupata kusikia hata siku moja mtu akiuliza iliwaelekeaje waliokuwa chini yake na minyororo.

Mwingereza aliifanya ngome kuwa jela mwaka 1895, ikawa hivyo hadi 1958. Ni miaka sitini na mitatu. Na hata neno letu lenyewe limebeba habari hiyo. Wajuzi wa lugha husema gereza latokana na Kireno, igreja, maana yake kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Huko Kilwa Kisiwani ngome nzima huitwa Gereza hadi leo. Ngome zikawa jela, na neno likahama na kazi ya jengo. Kwa hiyo mtu wa Londiani atamkapo "gereza" anataja, pasipo kujua, chumba kimoja cha Mombasa.

Sasa ikanibidi nimwambie mzee jambo zito. Vile vyumba vya wafungwa anavyotaka kuviona, vingi havipo. Jela ilipohamishwa mwaka 1958, ngome ilitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa fedha, na mtaalamu James Kirkman akasimamia kazi. Majengo ya jela yakabomolewa ili yaliyo chini yake yachimbuliwe, na mwaka 1960 jumba la makumbusho likafunguliwa. Mwaka 2011 UNESCO nayo ikaiweka ngome katika urithi wa dunia.

"Wamevunja?" mzee akauliza. "Nani aliwaambia wavunje?"

Nilijaribu kumtetea mchimbaji. Bila ya kazi ile tusingejua nusu ya tunayoyajua juu ya Wareno, wala nyumba ya Waomani isingetazamwa vile. Lakini nilipokuwa nikisema niliona maneno yangu hayana nguvu. Huko Brno, katika nchi ya Wacheki, kuna ngome iitwayo Špilberk iliyokuwa jela ya dola ya Austria, ikifungia wapinzani wa mfalme kutoka nchi mbalimbali. Mgeni aendaye leo hushuka chini akaingia katika vyumba vile vile vya giza, na ndivyo watu wanavyovifuata. Hapa petu Lamu, ngome ilikuwa jela hadi mwaka 1984, na wako watu wazima wanaoweza kukuonyesha nani alilala wapi. Mombasa tuliona haraka kufika kwa Wareno, tukawapita wafungwa. Kwangu mimi hilo lilikuwa kosa, ijapokuwa lilifanywa na watu wenye nia njema.

"Basi nitakwenda kuona nini?" akauliza mzee. Na hilo ndilo lililokuwa swali, maana mtamba ni mtamba, na kilomita 700 kwa mtu wa miaka tisini si mchezo.

Nikafikiri. Nikamwambia, "Mzee, lango lipo. Halina jingine la kuingilia watu kutoka mjini. Wareno waliingia hapo, na Mazrui, na baba yako kwa hakika aliingia hapo na kutoka hapo. Na kuta zipo, na ile bahari aliyokuwa akiisikia usiku."

Mzee alinyamaza, akawa anachezea kipande cha kamba alichokuwa nacho mfukoni, cha kufungia ndama. Nikakitazama. Kilikuwa cha katani, lakini kimesokotwa nyuzi tatu, kwa mkono wa kulia, kikakazwa mwisho kwa fundo ambalo kwetu husokotewa kamba za makumbi ya nazi. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema baba yake, naye alijifunza huko jela. Hapa Londiani hakuna mwingine aisokotaye hivyo.

Mimi fundo lile nilifundishwa na babu yangu mzaa baba, nikiwa na miaka minane, ukumbini kwetu. Na babu yangu alikuwa askari wa gereza ngomeni. Nyumbani hatukulisema hivyo. Tulisema "alikuwa mtu wa serikali," na mgeni akiuliza zaidi, aletewa kahawa. Miaka yote niliyoandika habari za ngome ile, za Yusuf bin Hasan na Bwana Daud, sikupata kumwandika yeye.

Ningeweza kunyamaza, kwani kukwepa ni rahisi kwa mtu aliyezoea maneno. Lakini nilikuwa nimekwisha kumlaumu Kirkman kwa kubomoa, nikaona haya.

"Mzee," nikasema, "babu yangu alikuwa askari humo. Huenda miaka hiyo hiyo."

Mwalimu akaacha kuandika. Mzee akanitazama kwa muda.

"Alikuwa akipiga watu?"

"Sijui. Hakutuambia."

"Hata baba yangu," akasema, "hakutuambia kama ng'ombe wale aliwachukua au hakuwachukua." Akacheka peke yake, kisha akaitia kamba mfukoni. "Wewe utakuwako huko siku hiyo?"

Nikamwambia inshallah nitamngoja langoni.

Tukairudia karatasi. Lango tukaliweka kwanza, na tukaliachia nusu saa nzima, watoto wakae chini kivulini wamsikilize mzee kabla ya mizinga na merikebu. Mwalimu alisita kidogo kwa ajili ya muda, kisha akaondoa saa moja ya kuoga baharini. Watoto hawatamsamehe. Tarehe ikawekwa Jumanne ya pili ya Agosti.

Mzee aliposimama kuaga aliniuliza kama huko aje na blanketi. Nikamwambia, hapana mzee, Mombasa mwezi wa Agosti hakuna haja ya blanketi kabisa.

"Nitabeba," akasema.