Saa mbili zilizopotea katika kompyuta yetu

Juma hili tunawaletea habari ya kikundi chetu cha akiba, ili isiwapate nanyi.

Kompyuta yetu tuliinunua okazio. Ndani yake mna mifumo miwili: Windows, ambayo mama katibu anaizoea, na Ubuntu, ya bure, ambayo watoto wake wanaitumia kwa masomo. Ukiiwasha, inakuuliza unataka kuingia upande gani.

Siku ya akiba tulianza mkutano saa nane. Tulihesabu feza mbele ya wote, na saa tisa mama katibu akahifadhi hesabu upande wa Windows. Mama mmoja akachungulia, akaona faili imeandikwa saa saba! Kabla hatujaketi! «Kumbe hesabu ilipikwa nyumbani?» Maneno yakawa mengi, mama katibu akalia.

Fundi alitueleza. Kila kompyuta ina saa ndogo ndani, inayotembea hata ikizimwa. Ubuntu huiweka kwa saa ya dunia, UTC. Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu. Huku Kivu tunaitangulia UTC kwa saa 2. Asubuhi ile watoto walikuwa wametumia Ubuntu, na mkutanoni hapakuwa na intaneti ya kusahihisha saa. Hakuna aliyeiba.

Kuna masumbuko mengine. Faili iliyowekwa upande wa Ubuntu, Windows kwa kawaida haiioni. Tena Windows mara nyingi haizimiki kabisa, inasinzia tu. Basi Ubuntu inakubali kusoma faili zake lakini inakataa kuandika.

Mfanye nini?
1. Mwombe fundi aiambie Ubuntu itumie saa ya hapa.
2. Faili za kikundi ziwekwe upande wa Windows. Ubuntu inaweza kuzisoma pale.
3. Mkitoka Windows kwenda Ubuntu, msizime. Chagueni «Redémarrer», ndipo Windows itajifunga kabisa.
4. Muwe na nakala kwenye kle USB, na daftari la karatasi lenye sahihi za wamama watatu.

Tulimwomba mama katibu msamaha mbele ya wote. Alikubali, lakini majuma mawili hakutaka kugusa kompyuta. Wamama, kabla ya kumshitaki mwenzenu, muangalie kwanza saa ya mashini.

Tuonane juma lijalo.