Mkono Mzito si Uvivu

Baba afunguapo daftari la mwanawe wa darasa la pili akaona herufi zimepanda na kushuka kama nyayo za kuku, na karatasi imetobolewa na penseli, huona haya mbele ya jirani. Husema, "Mtoto huyu ni mvivu, heri akachunge mbuzi." Lakini mtoto huyo huyo, akiulizwa hesabu kwa mdomo, hujibu upesi kuliko ndugu zake. Basi kosa liko wapi?

Kuandika si kazi nyepesi kama wengi wadhanivyo. Hapana budi macho, ubongo na misuli midogo ya vidole vifanye kazi kwa pamoja. Madaktari hukadiria ya kuwa watoto 5 au 6 katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi hutatizika kuvitawala viungo vyao. Mtoto wa namna hiyo hushindwa kufunga vifungo vya shati, humwaga uji, na mkono wake huchoka baada ya mistari michache. Akili yake haina kasoro. Kiboko hakifundishi vidole; tena katika shule za Kenya kimepigwa marufuku tangu mwaka 2001.

Dawa ya kwanza ni kuzoeza mkono kabla ya penseli, na kazi zenyewe zimo nyumbani. Apukuchue mahindi, achambue maharagwe, akamue kitambaa kilicholowa maji, atunge shanga, afinyange ng'ombe wa udongo. Kisha aandike herufi moja kubwa kwa kidole juu ya vumbi au majivu yaliyotandazwa katika sinia. Akikosea, hufuta kwa kiganja akaanza tena, wala hapana karatasi iliyoharibika.

Penseli iwe fupi, ili aishike kwa kidole gumba na cha shahada, huku cha kati kikiitegemeza. Ikiteleza, izungushiwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Aketipo, nyayo zake zikanyage sakafu au jiwe, na meza ilingane na viwiko vyake. Karatasi ilazwe mshazari kidogo. Atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kutumia wa kulia. Sehemu ya juu ya karatasi yake ielekezwe kulia.

Dakika 10 kila siku zafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi yenye machozi. Mwisho wa mstari, mtoto mwenyewe achague herufi iliyo nzuri kupita zote, aizungushie duara. Hivyo atajifunza kuona uzuri wa kazi yake, si makosa tu.

Mkono mmoja haulei mwana. Mzazi amweleze mwalimu, ili mtoto apewe kuandika kidogo na majibu mengine ayatoe kwa mdomo. Shida ikiendelea, mwalimu mkuu aweza kumwelekeza katika kituo cha serikali cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalum. Huduma hiyo ilianzishwa nchini mwaka 1984.

Jioni ya leo, kabla ya kutamka neno "mvivu", baba na aketi na mwanawe penye gunia la mahindi, wapukuchue pamoja, naye avitazame vile vidole vidogo vinavyojitahidi. Huenda akaona bidii ambayo daftari halikumwonyesha.